Nyumba si zawadi: somo la Mbandaka kwa sisi tunaolipa garanti

Wiki hizi katika kundi letu mazungumzo ni ya nyumba tu. Mmoja aliandika kwamba yuko na miaka 31, diplome mbili, na bado analala saluni kwa kaka yake. Mwingine akamujibu: tuache kulia, tuungane watu 20, tujengeane. Toka hapo tumegawanyika. Wengine wanasema hiyo ni salongo ingine. Wengine wanangoja paka ONG fulani ije ijenge bure. Mimi naona pande zote mbili hazijaangalia njia hii inatembea namna gani, na sababu nimeisoma kwa muda, naomba nielezee. Tena kuna kitu wengi wetu hawajui: njia ya watu wa kujitolea kujenga pamoja na familia, ile inayojulikana leo dunia nzima kwa jina la Habitat for Humanity, ilijaribiwa hapa kwetu Mbandaka mwaka wa 1973, mbele shirika lenyewe halijazaliwa.

Mwanzo wake uko kusini ya Marekani, na aliyeuleta ni mwenzetu. Clarence Jordan alisoma kilimo kwenye chuo kikuu cha Georgia, akamaliza 1933, kisha akaenda kusoma teolojia mpaka udaktari. (Kwa wale wanaotuchekaka kwamba agronome anajua mihogo tu.) Mwaka wa 1942, yeye na bibi yake pamoja na familia ingine walianzisha shamba lililoitwa Koinonia, karibu na mji mdogo wa Americus, ili weusi na weupe walime pamoja na kula meza moja. Georgia ya miaka ile! Katika miaka ya 1950 walipigiwa risasi usiku, kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kikalipuliwa, na wafanyabiashara wa pale wakakataa kuwauzia na kununua kwao. Hawakuhama.

Mwaka wa 1968 akaja kukaa nao Millard Fuller, mwanasheria wa Alabama aliyekuwa milionea mbele ya kufikisha miaka 30, kisha yeye na bibi yake Linda wakaamua kugawa mali. Jordan na Fuller waliangalia majirani zao, wakulima weusi waliokaa katika vibanda vya mbao vinavyovuja, na wakauliza swali moja: hawa watu wanakosa nini? Nguvu wanayo. Akili wanayo. Kitu wanachokosa ni makuta ya kuanzia, kwa masharti yasiyowanyonga. Basi wakaunda mfuko. Mfuko unanunua vifaa, nyumba inajengwa, familia inauziwa kwa bei ile ile iliyotumika, bila faida, bila riba, na inalipa polepole kwa miaka 20. Kila malipo yanarudi katika mfuko na kujenga nyumba ya jirani. Jordan alikufa mwezi wa 10 mwaka 1969, wakati nyumba ya kwanza ilikuwa karibu kuisha. Hakuiona na watu ndani.

Mwaka wa 1973 Fuller, bibi yake na watoto wao wakahamia Mbandaka, kufanya kazi pamoja na kanisa la Disciples du Christ, ambalo makao yake yako pale. Wakasimamisha kazi ya kutengeneza bloki za simenti na kuchota mchanga, na serikali ikawapa kiwanja. Kiwanja chenyewe kina historia. Wakati wa Wabelgiji, katika miji yetu mikubwa waliacha ukanda mtupu kati ya mtaa wa weupe na mtaa wa weusi. Sisi wa Lubumbashi tunajua ule wetu, zone neutre, wa mita mia kadhaa, uliotenga mji na Kamalondo. Kisingizio kilikuwa mbu wa malaria asivuke. Kule Mbandaka ukanda huo uliitwa Bokotola, na Fuller anaeleza kwamba maana yake ni mtu asiyependa wengine. Njo pale pale nyumba zilijengwa, na mtaa ukapewa jina jipya, Losanganya. Anayejua Lingala atasikia mule kosangana, kuwa pamoja.

Fuller alirudi Americus 1976, na mwaka ule wakaanzisha shirika. Lilibaki dogo mpaka 1984, wakati Jimmy Carter, rais wa zamani na mkulima wa karanga wa kijiji cha Plains, jirani kabisa na Americus, alipochukua nyundo na kwenda kutengeneza nyumba na watu wa kujitolea kule New York. Picha zake zikazunguka dunia. Tangu siku ile watu wengi wanafikiri siri ya hii kazi ni watu wa kujitolea wenye kofia, wanaopiga misumari na kucheka. Apana. Siri ni mfuko.

Tufanye hesabu, ya mfano tu. Tuseme nyumba ya vyumba viwili inakamata dola 6,000. Familia inalipa dola 50 kwa mwezi, bila riba: miezi 120, miaka 10, deni limekwisha. Sasa chukua deni lile lile kwa riba ya 18 kwa mia kwa mwaka, muda ule ule. Malipo yanapanda karibu dola 108 kwa mwezi, na mwisho umelipa karibu dola 13,000. Umejenga nyumba mbili, umelala katika moja. Ile ya pili iko wapi? Na ukigeuza upande: familia 20 zinazolipa dola 50 zinaleta 1,000 kila mwezi, maana yake nyumba mpya kila miezi 6 bila kuomba mtu. Lakini familia moja peke yake inaleta 50, na nyumba ya pili itangoja miaka 10. Kwa hiyo mwanzo ni mgumu, na pale njo inahitajika sadaka au mchango kutoka inje. Likelemba yetu iko karibu na hii, ila likelemba inazunguka kwa miezi, na nyumba inazunguka kwa miaka. Kati ya miaka kuna kufiwa, kuna kuhama, kuna ndoa kuvunjika. Kuna pia makuta yenyewe kuoza.

Hapa nataka kukaa kidogo, juu hakuna aliyeligusa katika mabishano yetu. Mkopo usio na riba unafaa sana mahali pesa haipotezi nguvu. Zaïre haikuwa mahali hapo. Mwezi wa 10 mwaka 1993 serikali ilitoa zaïre mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka wa 1998 ikaja franka congolais, moja kwa zaïre mpya 100,000. Zidisha mwenyewe. Familia iliyosaini deni katika miaka ya 1970 kwa zaïre, ikiwa deni limeandikwa kwa namba na halibadiliki, ingemaliza kulipa kwa bei ya kipande cha sabuni, na kusema kweli hata sabuni hapana. Familia imefurahi, lakini jirani aliyekuwa wa 7 kwenye orodha hana nyumba. Mfuko unaweza kufa bila mtu yeyote kuiba. Tukianza, tusiandike deni kwa franka. Wengine watasema dola, na kwa leo sawa. Mimi ningependa tuhesabu kwa mifuko ya simenti: nyumba yako imekula mifuko kadhaa na vifaa vingine sawa na mifuko kadhaa, kila mwezi unaleta bei ya mfuko mmoja na nusu kama ilivyo sokoni siku ile. Bababu zetu walikopeshana mbuzi na kurudishiana mbuzi. Mbuzi hana devaluation.

Sasa salongo. Wazee wetu wakisikia kazi ya pamoja wanakunja uso, na wako na haki. Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa lazima: unatoka, unafagia, unachimba mtaro, na kile kilichotengenezwa si chako. Hapa jasho linahesabiwa. Familia inayongoja nyumba inatoa masaa, mamia ya masaa, kwanza katika nyumba za wengine, kisha katika yake, na daftari linaandikwa. Asiyefika hasogei kwenye orodha, hata kama ni mtoto wa prezida wa kundi. Katanga wazo hili si geni. Katuba ya miaka ya 1950 ilijengwa kwa kile kilichoitwa système Grévisse, kwa jina la kiongozi wa wakati ule: mtu alipewa kiwanja na mkopo, akachagua plan, akajijengea nyumba yake na msaada wa mafundi. Ulikuwa ukoloni, tusipambe. Lakini pita Katuba leo, utaona mitaa inayosimama.

Na wa kujitolea je? Nitasema kitu ambacho hakitapendeza. Mtu asiyejua kazi anaweza kugharimu kuliko fundi. Anapindisha ukuta, anaharibu simenti, anavunja matafari wakati wa kuyashusha. Katika nyumba ya bei ya chini, vifaa njo vinameza pesa nyingi, mikono inameza kidogo. Kwa hiyo fundi mwashi alipwe, awe mkubwa pale, na lisansi zetu zitii. Sisi wengine tubebe maji, tuchekeche udongo, tupike. Faida ya kuwa wengi iko mahali pengine: mtu ambaye jirani zake 30 walibeba matafari yake anaona haya kuacha kulipa, na jirani zake wanajua akifiwa kabla hajaandika barua ya kuomba muda.

Upande wa udongo naomba mnipe dakika, ni kazi yangu. Lubumbashi tunachoma matafari, na udongo tunaupenda wa kichuguu, vile vichuguu vikubwa vya mchwa vya miombo. Ni udongo mzuri: una ufinyanzi wa kutosha, unashikana. Lakini kila tanuru linakula miti, na karibu na mji miti imekwisha. Kuni zinatoka mbali na bei iko juu. Kichuguu nacho ukikimaliza hakirudi katika maisha yako. Kuna njia ingine: tofali la udongo lililokandamizwa kwa mashine ya mkono, na simenti kidogo, halafu halichomwi. Mashine ya namna hiyo ilitengenezwa Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950 na injinia Raúl Ramírez, inaitwa CINVA-Ram. Watu wawili watatu wanaitumia, haitaki umeme wala mazutu. Siku hizi mafundi wa vyuma wanaweza kuiiga.

Lakini si kila udongo unakubali. Toa kwanza ule mweusi wa juu, wenye mizizi na mbolea. Huo peleka bustani, katika tofali unaoza na kuacha matundu. Chukua wa chini, jaza nusu ya chupa ya vioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, acha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, kisha udongo laini, kisha ufinyanzi juu. Mchanga unapaswa kuwa wengi kuliko vingine. Ufinyanzi ukizidi, tofali linapasuka likikauka, ukikosekana, linamomonyoka mkononi. Katika udongo unaofaa, simenti sehemu 1 kwa 15 mpaka 20 inatosha. Kisha tofali likauke polepole, kivulini, limefunikwa, linanyunyizwa maji wiki ya kwanza. Wengi wanaharibu pale: wanalianika juani kama fretini, halafu wanalaumu mashine. Na hata likiwa zuri, linataka msingi wa mawe na paa inayotoka mbele ya ukuta, juu mvua yetu ya mwezi wa 1 haina huruma.

Jambo la mwisho ni karatasi, na nalisema kwa wale waliopendekeza kiwanja kiandikwe kwa jina la chama. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 (mwaka ule ule wa Mbandaka!) inasema udongo ni wa Serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia, na kinachoithibitisha ni certificat d'enregistrement. Haki ya milele, concession perpétuelle, inapewa Mkongomani mtu binafsi. Chama, hata kiwe na Wakongomani watupu, kinapata ile ya kawaida, miaka isiyozidi 25, ya kuombwa upya. Basi kila familia iandikiwe kipande chake kwa jina la bwana na bibi wote wawili, na deni liandikwe katika mkataba mbele ya notère. Gharama za karatasi ziingizwe katika bei ya nyumba toka mwanzo, si kuchangishana kisha, wakati nusu ya watu wameshaingia ndani na hawasikii tena simu.

Aliyeandika tuungane 20, mimi niko tayari kuwa katika wale 20, lakini mbele ya kutoa hata franka moja nataka tukubaliane vitu vitatu kwa maandishi: deni litahesabiwa kwa nini, daftari la masaa litashikwa na nani, na nani atakuwa wa mwisho kwenye orodha. Hilo la mwisho njo gumu. Kama hakuna anayelikubali, tutafute kiwanja cha kulima kwanza.