Kiluwiluwi wa silanga hubomoa tumbo lake ili awe chura

Umewahi kuchota maji kwenye silanga ukapata viluwiluwi wakiogelea ndani ya mtungi? Kama umekulia Kitui au Makueni, usinidanganye, umewahi.

Mimi nilikutana nao tena baada ya mvua za Novemba. Nilikuwa nimeacha chuo (karo ilinishinda, hadithi hiyo tuiache), nikatoka Nairobi nikarudi ocha kwa susu, Makueni. Kazi yangu ikawa punda, mitungi minne na silanga iliyopungua kila siku.

"Mjukuu wangu, hao usiwamwage kwa vumbi," susu aliniambia. "Warudishe majini. Wana haraka kuliko wewe."

Nilicheka. Kisha nikaanza kusoma kwa simu, nikaona mzee wa watu hakukosea.

Cheki tumbo la kiluwiluwi. Ngozi ni nyembamba hadi utumbo unaonekana, umejiviringa kama ile dawa ya mbu ya kuwasha. Ni mrefu kwa sababu yeye hula mwani na mabaki ya majani, chakula kinachochukua muda kusagika. Chura mkubwa naye hula nzi, mchwa na kumbikumbi. Tumbo la mwani haliwezi kazi hiyo. Kwa hivyo kuota miguu hakutoshi. Lazima tumbo lenyewe lijengwe upya.

Anayetoa amri ni tezi ndogo inayoitwa thairoidi. Hata wewe unayo, hapo mbele ya shingo. Mwaka wa 1912, mtafiti J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi thairoidi ya wanyama. Wakageuka kabla ya wakati, wakawa vyura vidogo ajabu. Miaka michache baadaye, Bennet Allen wa Marekani aliwatoa viluwiluwi tezi hiyo. Hawakugeuka kamwe. Walizidi tu kukua wakiwa na mkia wao.

Homoni ya thairoidi ikipanda kwenye damu, kila kiungo husikia amri moja lakini hujibu kivyake. Miguu huota. Mkia hufa. Utumbo hufanya yote mawili: seli za zamani hujiua, na seli shina chache huzaliana na kujenga ukuta mpya wenye mikunjo, kama wako. Kwa chura wa Xenopus, ambaye jamaa zake wapo hapa Kenya, utumbo hufupika kwa karibu robo tatu. Yun-Bo Shi wa Marekani na Atsuko Ishizuya-Oka wa Japani wamefuatilia jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu hata kwa binadamu homoni hii hupanda karibu na wakati wa kuzaliwa.

Sasa sehemu iliyonigusa. Wakati wa ukarabati huo, kiluwiluwi hali. Mdomo na tumbo vyote viko kwa fundi. Anaishi kwa akiba, na mkia wake unayeyushwa polepole kumlisha.

Na maji yakikauka je? Vyura wengi wa madimbwi ya msimu wana mbinu. Maji yakipungua, homoni za msongo hupanda na kuisukuma thairoidi iharakishe. Lakini haraka ina bei: anayewahi hutoka mdogo, akiba kiduchu. Anayechelewa hukaukia kwenye tope.

Ng'ambo ya Mto Athi, huko Kitui, shida ni hiyo hiyo. Mabwawa ya mchanga yametuokoa sisi watu, maana maji hujificha chini jua lisiyafikie. Kiluwiluwi hawezi kuogelea ndani ya mchanga. Yeye anategemea dimbwi la wazi.

Kabla hujasema hayo ni ya vyura, homoni hii haitengenezwi bila ayodini. Wewe unaipata kwenye chumvi, ndiyo maana sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Ikikosekana unaweza kuota rovu shingoni, na mama mjamzito akiikosa, ubongo wa mtoto unaweza kuumia. Kwa hivyo ukitumwa dukani, soma pakiti. Ukifika nyumbani, ifunike chumvi vizuri, unyevu usiiharibu.

Silanga ilipobaki tope, nilipata vyura ukubwa wa ukucha wakiruka kwenye nyasi, wengine bado na kipande cha mkia. Wengi hawakuwahi. Nilipompa susu habari hizo, akaniuliza, "Na wewe, chuo lini?"

Nikamwambia bado ninakula mkia.

"Basi usiumalize kabla hujapata tumbo jipya," akasema, akanipakulia muthokoi.

Fomu ya kurudi chuoni nimeijaza. Karo bado natafuta.