Fahamu: Ingoma ya Burundi, kutoka Kibondo hadi studio za Ulaya

Katika kambi za Nduta, Kibondo, na Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, wakimbizi wa Burundi wameendelea kupiga ingoma, sanaa ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Ngoma hizo, kwa kawaida kumi na ushei na idadi yake ikiwa witiri, hupangwa nusu duara. Katikati hukaa ngoma iitwayo inkiranya. Ngoma ziitwazo amashakwe hushika mdundo mmoja usiokatika, huku nyingine zikifuata mwendo wa inkiranya, na wapigaji hupokezana kuingia kati wakicheza na kuruka juu.

Mashabiki wa mbali nao wameichota sanaa hii. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada, aliyeanzia kwenye muziki wa folki, aliimba The Jungle Line juu ya rekodi ya ngoma hizi. Mwaka 1980 Adam and the Ants wa Uingereza waliweka wapigaji wawili wa dramu kuusaka mshindo huohuo.

Nyumbani Burundi, amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizi. Naiona ni dhuluma kwa sanaa yenyewe. Kisheria, amri hiyo haivuki mpaka kuingia Kigoma.