Nani Atawarithi Wanaoujua Uyoga?

Ipo elimu ambayo haijapata kutahiniwa, wala mwenye kuipata hakupewa cheti. Ni elimu ya kuutambua uyoga wa porini: upi uliwe, upi uachwe, upi usiguswe hata kwa kijiti. Katika maeneo ya Embu na Meru elimu hii ingali hai, lakini aghalabu imo vichwani mwa wazee, hasa akina mama, nami sioni kuwa tunafanya haraka kuipokea. Nazungumza na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao, kwa kuwa naamini jambo hili ni letu kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Aprili moja, wakati wa likizo, nilikuwa nimemtembelea mwalimu mwenzangu karibu na Siakago, upande wa Mbeere. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi jua likachomoza kwa ukali. Tungali kwenye chai, akapita jirani yake, mama mzee aitwaye nyanya na kila mtoto wa kijiji hicho, kikapu mkononi. Alituambia kwa ufupi kuwa siku kama hiyo si ya kukaa ndani. Wanafunzi watatu wa kidato cha pili waliokuja kuazima vitabu wakaviacha mezani, nasi sote tukamfuata. Hakuna aliyekuwa amepanga safari. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya mjini.

Hakutupeleka kwenye kivuli cha miti mikubwa kama nilivyodhani. Alitupeleka kwenye vichuguu. Pale, pembeni mwa kichuguu cha tatu, ulikuwapo uyoga umetoboa udongo mwekundu, vichwa vyake vya rangi ya kijivu vikiwa na ncha katikati, mwingine umeshafunguka kama mwavuli. (Mahali penyewe sipataji; nyanya alitukataza.)

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Nyanya, umejuaje kuwa huu hauna sumu?" Hakujibu mara moja. Alichimba polepole kwa kijiti kando ya shina, akaendelea hata kiganja kikazama, akatuonyesha jinsi shina lilivyorefuka kuelekea chini, kwenye makao ya mchwa. "Huu ni wa mchwa," akasema. "Nauchuma hapa tangu nilipokuwa msichana." Mwanafunzi mwingine akamletea uyoga mweupe, wa kupendeza macho, aliouokota majanini mbali na kichuguu. Mama yule akaugeuza, akautazama chini ya kofia yake, akasema, "Huo siujui, mjukuu wangu. Utupe, ukanawe mikono."

Hakusema kuwa una sumu, wala hakusema kuwa hauna. Alisema haujui, na hilo likatosha. Nimelifikiria sana jibu hilo, maana sisi walimu tumewazoesha wanafunzi kinyume chake. Katika mitihani ya kuchagua jibu kati ya manne twawahimiza wasiache swali wazi, wasipojua, wabahatishe. Porini anayebahatisha huzikwa.

Naam, huzikwa. Baadhi ya nyoga za jamii ya Amanita zina sumu iitwayo amatoksini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa. Anayekula hatambui neno kwa saa sita au zaidi; kisha hutapika na kuhara, huenda akapata nafuu ya siku moja hivi akadhani amepona, kumbe ini lake linaharibika. Zile kanuni za mitaani, kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba wenye sumu huigeuza sarafu ya fedha kuwa nyeusi, hazina msingi wowote. Na mtu asije akayachukua makala haya kuwa mwongozo wa kuchuma: hata huo mzizi mrefu peke yake si ushahidi, kwa kuwa ziko nyoga nyingine zenye mizizi mirefu zisizohusiana na mchwa.

Wanasayansi wanakubaliana na nyanya kuhusu asili ya uyoga wake. Jamii hiyo yaitwa Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka wa 1942. Mchwa hukusanya majani na vijiti vikavu, huvitafuna na kujenga navyo masega ndani ya kichuguu, na juu ya masega hayo huotesha kuvu. Kuvu huyameng'enya yale mabaki magumu, nao mchwa hula. Mvua ikishaulainisha udongo, kuvu ile ile hutoa uyoga hadi juu. Kilimo hicho cha mchwa kina umri wa takriban miaka milioni 30, ilhali binadamu hajafaulu kuuotesha uyoga huu kwa ajili ya biashara. Ule uuzwao madukani mjini Embu na Meru ukiwa kwenye vifurushi vya plastiki ni wa aina nyingine kabisa.

Kwa hiyo kichuguu kikifa, na uyoga umekufa. Nasi twaviua kwa bidii: udongo wake wafaa kwa matofali, mchwa hutiliwa dawa, vichaka hufyekwa kupisha muguka. Simlaumu mkulima aliyeliwa mahindi na nguzo za nyumba. Nasema tu kwamba asilijue jambo hili baada ya kulipoteza.

Mwaka wa 1977 mtaalamu wa Uingereza, D. N. Pegler, alichapisha kitabu kinene kuhusu nyoga za Afrika Mashariki. Ni kazi ya kuheshimika, lakini iko kwa Kiingereza na Kilatini, na sidhani imo katika maktaba ya shule yoyote ya Mbeere au Tharaka. Nyanya naye hajaandika chochote. Alinitajia kwa Kiembu majina ya aina kadhaa, nami kwa Kiswahili nikawa na neno moja tu la kuzijumlisha zote: uyoga.

Mwalimu wa biolojia hufundisha kwamba uyoga si mmea, una himaya yake. Huchora mchoro ubaoni na kuendelea. Mwombe mzee mmoja wa kijiji, mwenzangu, aje darasani mvua zianzapo, au wapeleke wanafunzi kwake. Wasionje chochote. Wachore, waandike tarehe, mahali na jina la Kiembu, Kimeru au Kitharaka, na yale aliyoyasema mzee, pamoja na yale aliyosema hayajui. Daftari hilo libaki maktabani, mwaka ufuatao darasa jingine liongeze kurasa. Mvua za vuli huanza Oktoba.