Mauti Ana Sura Gani?

Hapa Mpuguso, kama ilivyo Rungwe yote, msiba hauna siri. Migomba haizuii sauti ya kilio. Kabla jua halijapanda, akina mama tumekwisha jifunga khanga na kushika njia, huyu na ndizi kichwani, yule na kuni. Watoto hufuata nyuma, nao huuliza: "Mama, nani amemchukua babu?" Je, mama msomaji, wewe hujibu nini?

Wengi wetu husema babu amelala. Tusishangae basi mtoto akikataa kwenda kulala usiku ule.

Watu wa zamani walimpa Mauti jina na sura, akatembea katika hadithi kama mtu. Huko pwani anaitwa Ziraili, mtoa roho, na mwaka 1999 mwandishi wetu William Mkufya alilitia jina hilo katika riwaya yake, Ziraili na Zirani. Katika kitabu cha Ufunuo, sura ya 6, amepanda farasi. Lakini anayetugusa zaidi sisi wenye waume na watoto ni Walumbe wa Waganda, maana huyo ni mtu wa ukoo: kaka wa mke, mjomba wa watoto.

Waganda husimulia kwamba Kintu alimwoa Nambi, binti wa Ggulu, mfalme wa mbinguni. Baba mkwe akawaonya: ondokeni upesi, msirudi hata mkisahau kitu, Walumbe asije akawafuata. Njiani Nambi akakumbuka kwamba amesahau ulezi wa kuku wake. Kintu akamkataza, naye akarudi. Walumbe akamwona, akamfuata mpaka duniani. Baadaye alimwomba Kintu mtoto mmoja wa kumsaidia kazi za nyumbani, akanyimwa. Ndipo watoto wakaanza kufa. Ggulu akamtuma kaka mwingine, Kayikuzi, amkamate. Walumbe akakimbilia chini ya ardhi, na mashimo yake huonyeshwa mpaka leo huko Tanda, karibu na Mityana.

Tangu hapo lawama ni za Nambi. (Sisi tunaofuga tunamwelewa kabisa. Kuku asipopewa chakula atatagaje?) Wasimulizi hupita haraka juu ya jambo moja: aliyeua ni Walumbe, si Nambi.

Jambo hilo lina uzito hapa kwetu. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliochunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika jinsi kifo kilivyotafutiwa mtu. Pengine alisemwa mchawi mwenye joka tumboni, pengine hasira ya majirani, iliyoitwa pumzi ya watu. Mauti hakuwa na sura yake mwenyewe, hivyo aliazimwa sura ya jirani.

Je, tumeacha? Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Lakini sheria haiingii jikoni wakati wa matanga. Hapo ndipo mjane huangaliwa kwa jicho la pembeni: alimpikia nini siku ile? Au huyo bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka 50, mbona hakulia sana? Anayeyasema mara nyingi ni mwanamke mwenzetu, tena huku anamenya ndizi. Na mtoto aliyekaa karibu na jiko anasikia yote. Kesho akimwona yule bibi njiani, atakimbia.

Kwa hiyo sisi tunaona ni afadhali mtoto asimuliwe habari za Walumbe. Usimfiche kwamba marehemu hatarudi. Taja ugonjwa kwa jina lake, kama unajulikana. Kisha msimulie hadithi jioni moto ukiwaka, na ukifika kwa Nambi, mwambie pia kwamba alikuwa anawaza chakula cha kuku. Akiuliza Walumbe yuko wapi sasa, jibu limo humo humo: yuko Tanda, chini ya ardhi. Hakai kwa bibi jirani.