Kuunga Mkono Umma, Kupinga Mabomu: Funzo la Iran

Katika madarasa ya siasa swali moja huzuka mara kwa mara. Ikiwa umma wa nchi fulani unagandamizwa na watawala wake, na taifa lenye nguvu liko tayari kuwapiga watawala hao, kwa nini mwanamapinduzi apinge? Na akipinga, je, hajawa mtetezi wa wagandamizaji? Swali hili lina uzito na halijibiwi kwa kaulimbiu. Tulijibu kwa kuchunguza historia ya Iran.

Demokrasia na mkono wa wageni

Wananchi wa Iran hawakuletewa wazo la demokrasia kutoka nje. Mwaka 1906, baada ya migomo na maandamano ya wafanyabiashara, mafundi na viongozi wa dini, mfalme alilazimika kukubali katiba na Bunge. Mwaka 1907 Uingereza na Urusi ya kifalme zikagawana nchi hiyo katika maeneo ya ushawishi wao, na Desemba 1911, chini ya shinikizo la majeshi ya Urusi, Bunge likafungwa.

Mwaka 1951 Bunge lilitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, na Mohammad Mossadegh akawa Waziri Mkuu. Agosti 1953 majasusi wa Marekani na Uingereza walipanga njama wakampindua. Nyaraka za shirika la ujasusi la Marekani zilizotolewa mwaka 2013 zinakiri jambo hilo. Mfalme, yaani Shah, akatawala kwa mabavu, na mwaka 1957 polisi wake wa siri, SAVAK, wakaundwa.

Shah hakuondolewa na jeshi la kigeni. Maandamano ya umma, pamoja na migomo ya wafanyakazi wa mafuta iliyoanza mwaka 1978 na kukausha mapato ya dola, ndiyo yaliyouangusha utawala wake mwanzoni mwa 1979.

Vita humpa dikteta kisingizio

Septemba 1980 Saddam Hussein wa Iraki aliivamia Iran. Vita vilidumu hadi Agosti 1988. Mbegu za udikteta mpya zilikuwapo kabla yake, lakini vita vilizimwagilia maji. Mpinzani aliweza kuitwa wakala wa adui, na ukosoaji ukaitwa uhaini. Rais Bani-Sadr aliondolewa mwaka 1981, chama cha Tudeh kikapigwa marufuku mwaka 1983, na mwaka 1988 maelfu ya wafungwa wa kisiasa wakauawa magerezani.

Hata hivyo umma haukunyamaza. Mwaka 2006 madereva wa mabasi wa Tehran walikamatwa kwa mamia kwa kuandaa mgomo. Mwaka 2009 mamilioni walipinga matokeo ya uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 msichana Mahsa Amini alifariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili, na nchi nzima ikasikia kilio cha "Mwanamke, Maisha, Uhuru".

Tarehe 13 Juni 2025 Israel ilianza kuishambulia Iran kwa ndege na makombora, na tarehe 22 Marekani ikajiunga kwa kupiga vituo vya nyuklia. Wapo waliosema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tarehe 23 ndege za Israel zililipiga gereza la Evin mjini Tehran, mahali ambapo wafungwa wa kisiasa wa Iran hufungwa. Idara ya mahakama ya Iran ilitangaza kwanza vifo vya watu 71, wakiwamo wafungwa na jamaa waliokuja kuwatembelea. Baada ya siku 12 mapigano yalikoma. Watawala walikuwa bado madarakani, na kamatakamata ya watu walioshukiwa kuwa majasusi ikaendelea.

Makosa mawili

Kosa la kwanza ni kushangilia mabomu kwa jina la demokrasia. Demokrasia ni mamlaka ya umma kujiamulia mambo yake. Mtu akiamuliwa na mwingine, hata kwa wema, hajajitawala. Kosa la pili ni kuwashangilia watawala kwa sababu tu wanatukanwa na mabeberu. Anayechukiwa na beberu si lazima awe rafiki wa wavujajasho. Anayemfunga dereva kwa kudai mshahara anamgandamiza mfanyakazi, hata akiilaani Marekani kila Ijumaa.

Wanaharakati wa Iran wenyewe wameonyesha njia. Narges Mohammadi, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2023 akiwa kifungoni, alikuwa miongoni mwa waliotaka hadharani, Juni 2025, vita vikome na papo hapo watawala wang'oke. Hawakuona mgongano kati ya madai hayo mawili, nasi hatuna sababu ya kuuona.

Mwanafunzi atauliza: mbona Tanzania iliingia Uganda? Tanzania ilivamiwa kwanza, Oktoba 1978, na ilikuwa na haki ya kujilinda. Lakini hata pale, Amin alipoanguka Aprili 1979, demokrasia haikufuata nyuma ya vifaru. Matokeo ya uchaguzi wa 1980 yalibishaniwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea hadi mwaka 1986 na baadaye. Jeshi laweza kumwondoa mtawala; haliwezi kuujengea umma vyombo vyake.

Kazi ya mshikamano

Basi kada apime kila wito wa msaada kwa maswali matatu. Ni nani anayeuomba: umma ulio katika mapambano, au wakimbizi wachache wanaotafuta viti? Ni nani atakayeamua mwisho wake? Na mafuta, ardhi na kambi za kijeshi zitabaki mikononi mwa nani?

Msaada unaopita mtihani huo upo. Madereva wa Tehran walipofungwa, vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi vya nchi mbalimbali viliandamana na kuandika barua kudai waachiwe. Kuwapa hifadhi wanaokimbia mateso, kutangaza habari za wafungwa kwa ukweli, na kukataa kuwauzia watawala zana za kupelelezea raia ni kazi za namna hiyo. Ni kazi za polepole, na hazina kishindo cha ndege za kivita. Lakini zinamwachia mwananchi wa Iran kile ambacho wageni walimnyang'anya mwaka 1911 na 1953: nafasi ya kuikomboa nchi yake kwa mkono wake mwenyewe.