Mbio ni dawa, lakini hazifagii vumbi ya mapafu

Siku ya yenga asubuhi, hapa Bunia, vijana wanapita kwenye Boulevard de la Libération wakikimbia, wengine na jezi, wengine na koti nzito ya baridi. Kati yao kuna wachimbaji wenye wametoka Mongbwalu, Nizi ao Iga-Barrière kuja kuona familia. Sisi wa sendika tunafurahi kuwaona. Ila tukikaa nao kuzungumza, tunasikia maneno mingi yenye si kweli, na moja kati yao inaweza kumuzika mtu. Wandugu, tuyachambue.

"Mimi nabeba magunia ya mawe, mbio ni ya nini tena?" Hii ndiyo tunasikia zaidi. Mchimbaji ana nguvu, hakuna mwenye atabisha. Lakini nguvu ya mikono na afya ya moyo ni vitu viwili. Mwaka 2021, watafiti wa Denmark walitangaza uchunguzi juu ya watu zaidi ya 104 000. Wale waliofanya mazoezi nje ya kazi walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo na ya kufa mapema. Wale wenye kazi yao ilikuwa ya nguvu sana, hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Sababu wanayoifikiria, sisi tunaielewa vizuri: kwenye kazi unainua na kuvuta saa nyingi, moyo unasukuma damu kwa nguvu siku nzima, na saa ya kupumzika haupangi wewe, anapanga mwenye shimo. Mbio ya nusu saa haiko vile. Unaenda, unasimama, mwili unatulia. Shimo si uwanja wa mazoezi. Lakini mwenye amekesha ndani ya shimo asikimbie asubuhi yake, alale kwanza.

"Koti na sasheti zinayeyusha mafuta ya tumbo." Hapana. Jasho ni maji na chumvi. Ukipanda kwenye mizani baada ya mbio, kweli uzito umeshuka. Ukikunywa maji, unarudi. Koti ile inakupa joto ya bure, na joto ikizidi mtu anaanguka. Vaa nguo nyepesi.

"Bila kuumia, haujafanya kitu." Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilometa 42 na zaidi kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kule Vienna mwaka 2019. Na yeye, kama wenzake wa Kenya, siku nyingi za mazoezi anaenda polepole. Kipimo ni rahisi: ukiweza kuongea na mwenzako njiani, mwendo ni mzuri. Mwenye anaanza, atembee dakika mbili, akimbie dakika moja, arudilie. Shirika la Afya Duniani linaomba dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, ao 75 za mazoezi ya nguvu.

"Mbio zinamaliza magoti." Mwaka 2017, watafiti walikusanya chunguzi nyingi pamoja. Kati ya watu 100 wenye kukimbia kwa afya tu, 3 ao 4 walikuwa na viungo vya goti ao nyonga vilivyolika. Kati ya wenye hawakimbii, karibu 10. Kati ya wenye kushindana kwenye mbio kubwa, 13. Kwa hiyo kiasi ndiyo kinalinda. Lakini kama goti liliumia sababu ulianguka shimoni, uone munganga kwanza.

Sasa tufike kwa ile yenye inaua. Wengi wanasema: "Nakimbia juu ya kutoa vumbi kwenye mapafu." Wengine wanaongeza maziwa. Wandugu, maziwa yanaenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Na vumbi ya jiwe la kwarizi, ile inatoka tukitoboa mwamba ao tukisaga mawe kwenye konkasere, ni ndogo sana, macho haiioni. Inaingia chini kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuponyesha, na unafungulia mlango kifua kikuu. Mbio haziondoi makovu hata moja. Mtu anakohoa, anahema kwenye kilima kidogo, anajiambia "nimekosa mazoezi", anaongeza mbio. Miezi inapita.

Mwenye kukohoa wiki mbili aende kituo cha afya apimwe makohozi. Kifua kikuu kinapona. Dawa ni za miezi sita, mtu anazikunywa mpaka mwisho hata akisikia nafuu. Na amwambie munganga kwamba anafanya kazi ya mawe.

Kwa wenye mashimo tunasema hivi. Kununulia wafanyakazi jezi na mpira ni vizuri, hatukatai. Lakini jezi hailindi pua. Maji ya kumwagia jiwe kabla ya kulitoboa na kulisaga, barakoa za kweli zenye kuchuja vumbi, na kupima mapafu ya watu kila mwaka: hivyo ndivyo tunaomba. Vijana wetu wakimbie, na watoto wao wakimbie nyuma yao. Ila Jumatatu kwenye kazi, waulize maji ya jiwe kwanza, mpira baadaye.