Si baridi ya ziwa inayokula magoti ya Rumonge

Rumonge, mji wa kando ya ziwa kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, kazi huanza kabla ya jua. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, hurudi alfajiri baada ya usiku kucha wa kuvuta nyavu kwa mwanga wa taa. Akina mama huwapokea, hujitwika mabeseni na kupanda nayo kutoka ufukweni. Huko kwenye michikichi, wengine wanabeba mikungu ya chikichi kuipeleka kukamuliwa. Mzigo wote huo hupita gotini. Lakini mtu akianza kuinuka kwa kushika ukuta, majirani wana jibu tayari: baridi ya ziwa hiyo, au uzee tu.

Baridi huweza kuzidisha maumivu, ila haisagi kiungo. Uzee nao una mkono wake, lakini haufanyi kazi peke yake.

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe lenye utelezi na unene wa milimita chache. Gegedu halina mishipa ya damu. Hula kama sifongo. Ukikanyaga, majimaji hukamuka. Ukiinua mguu, hufyonza ute wa kiungo pamoja na virutubisho. Kwa sababu halina damu, likiumia hupona kwa shida. Na kwa sababu halina mishipa ya fahamu, huharibika miaka mingi bila mwenyewe kujua.

Ndani yake mna seli chache zinazolikarabati. Mzigo ukizidi, au goti likiwa na jeraha la zamani, seli hizo huelemewa na kuanza kutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za gegedu lenyewe. Gegedu hulainika, huchanika, hulika. Mfupa wa chini yake hukakamaa na kuota vipembe pembezoni. Utando wa kiungo huvimba na kujaa maji. Mgonjwa akianza kuuonea mguu huruma, misuli ya paja hunywea, na goti hukosa mhimili. Kufikia hapo kiungo kizima kinaumwa.

Dalili za ugonjwa huu wa kulika kwa gegedu ni maumivu ya kuchuchumaa na kupanda mlima, mkwaruzo gotini, na ukakamavu wa asubuhi ambao kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa. Goti jekundu, la moto, pamoja na homa ni jambo jingine: kimbilia hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 waliishi na ugonjwa huu katika viungo mbalimbali, takriban asilimia 60 wakiwa wanawake. Goti ndilo lililoongoza, kwa watu milioni 365. Urithi na unene huchangia. Vivyo hivyo kazi za kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito.

Hakuna dawa inayootesha gegedu upya. Vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni hutuliza, lakini kuvimeza miezi kadhaa bila daktari huhatarisha tumbo na figo. Kulala kitandani nako hudhoofisha misuli. Kinachosaidia zaidi ni mwendo wa wastani na kuimarisha paja: keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, uhesabu hadi tano, ushushe, kisha urudie. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo anayopunguza hulipunguzia goti karibu kilo nne katika kila hatua.

Dawa nyingine iko kwenye namna ya kufanya kazi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilipoeneza vichanja vya kuanikia ndagala kwenye mwambao huu, lengo lilikuwa samaki wasioze wala kujaa mchanga. Hata hivyo, kichanja chenye kimo cha karibu mita moja humwezesha mama kueneza na kugeuza samaki akiwa wima, bila kuinama mchangani kutwa. Beseni moja zito likigawanywa safari mbili, na kigoda kifupi kikibadilishwa kwa kirefu, ni faida ileile. Anayeanza hayo goti likiwa bado linauma kwa mbali ana nafasi kubwa kuliko anayesubiri hadi lipinde.